Escudo Pemba: lala chini ya gari kabla hujaiwasha

Kila msimu wa karafuu ukikaribia, vijana wa hapa Wete hunijia na swali moja: "Mwalimu, nina visenti vyangu, ninunue Suzuki Escudo?" Jibu langu ni ndiyo, lakini ndiyo hiyo ina maelezo marefu ambayo hayamaliziki barazani. Leo nimekaa niyaandike yote.

Nimeishi na Suzuki kwa miaka mingi: Escudo mbili, na Carry moja, ile gari ndogo ya mzigo, niliyoshirikiana na mdogo wangu. Ya mwanzo ilinila fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kuezeka nyumba, na ikanitia khofu ambayo mpaka leo sijaisahau. Hata hivyo bado naendesha Suzuki, na nikiiuza hii niliyonayo nitanunua Suzuki nyengine. Nataka anayekuja nyuma yangu aipate raha niliyoipata bila ya kulipa nilicholipa.

Mgeni wa Pemba hushangaa kuona tunavyozishikilia gari hizi. Wa Unguja anaweza kuishi na gari ndogo yoyote, maana ukiacha baadhi ya njia za mashamba, ardhi kule ni tambarare. Huku kwetu ni vilima na mabonde mtindo mmoja. Shamba letu liko upande wa Konde. Njia ya kulifikia inashuka kwenye bonde la mpunga, halafu inapanda kilima cha udongo mwekundu, na masika yakishashika, hata mtu mwenye miguu miwili huchagua pa kukanyaga. Zamani gunia la karafuu lilitoka shambani kichwani mwa mtu. Waliokuwa wakilibeba sasa ni wazee wenye magoti mabovu, na vijana hawataki kazi hiyo, wala siwalaumu.

Ami yangu alikuwa na Escudo ya kizazi cha mwanzo, ile fupi, yenye injini ya cc 1,590. Ndani ya gari ile ndimo nilimojifunzia kuendesha. Ilikuwa ikikipanda kilima kile na watu ndani na magunia nyuma, ami akiwa ametia gia ya nguvu na kuiacha itambae yenyewe. Alikuwa akinambia, "Usiikimbize mwanangu, iache ijitafutie." Kwa hivyo siku nilipopata uwezo wa kununua gari, sikuwaza jina jengine.

Sababu ya gari ndogo kiasi hicho kuwa na nguvu zile niliijua baadaye, nilipoanza kusoma habari zake. Escudo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1988. Enzi hizo, aliyetaka gari ya foo-wili ya kweli, inayovuta kwa magurudumu yote manne, ilimbidi anunue kitu kizito cha kazi za porini. Suzuki walichukua chesisi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, wakaongeza gia ya nguvu kwa ajili ya vilima na matope, kisha juu yake wakaweka bodi nadhifu ya gari ya kwenda kazini. RAV4, ambayo leo tunaiona pamoja nayo kila mahali zinapokodishwa gari kwa watalii kule Unguja, ilitoka mwaka 1994, miaka 6 baadaye, na haina chesisi ya namna ile wala gia ile ya nguvu. Barabarani RAV4 ni tulivu zaidi, hilo nalikubali. Kwenye kilima chetu ni Escudo.

Kampuni yenyewe haikuanzia kwenye magari. Michio Suzuki alijifunza useremala, na mwaka 1909 akafungua kiwanda cha mashine za kufumia nguo katika mji wa Hamamatsu, ulio ufukweni mwa bahari ya Pasifiki. Wenzao wa Toyota nao wametokana na mashine za kufumia, na chimbuko lao liko mkoa jirani wa Aichi. Michio alianza kufanya majaribio ya gari ndogo mwaka 1937, vita vikamkatisha. Baada ya vita biashara ya pamba ilianguka, mashine za kufumia zikakosa wanunuzi, na kampuni ikatafuta kitu chengine cha kuuza. Husimuliwa kwamba mkwewe, Shunzo, alikuwa mpenzi wa kuvua samaki na alichoka kukanyaga baiskeli kurudi nyumbani huku upepo ukimpiga kifuani, akafikiria kuitia injini. Mwaka 1952 wakatoa baiskeli yenye injini ya cc 36 iliyoitwa Power Free. Sisi tunaowaona wavuvi wakipandisha baiskeli kutoka pwani na tenga la samaki nyuma tunaielewa vyema haja ile.

Mwaka 1954 kampuni ikabadili jina na kuwa Suzuki Motor, na mwaka uliofuata ikatoa gari yake ya mwanzo, Suzulight, yenye injini ya cc 360. Japani iliweka daraja maalumu la gari ndogo zenye kodi nafuu, linaloitwa kei. Sheria iliziwekea mpaka wa urefu, upana na injini: cc 360 tangu mwaka 1955, kisha 550 mwaka 1976, na 660 tangu mwaka 1990. Suzuki wamekulia ndani ya mpaka huo. Carry ilianza mwaka 1961, Jimny, foo-wili yao ndogo, mwaka 1970, na mwaka 1983 walianza kuunda gari ndogo India pamoja na kampuni ya Maruti. Kwa maisha yao yote wamekuwa wakipima kila kilo ya chuma.

Hapo ndipo nilipoyapata maelezo ya wema wa gari hizi na balaa lake hapa kwetu. Wepesi ndio unaoipandisha kilimani na kuifanya isizame kwenye matope. Lakini chuma kilichopimwa kwa ubahili hakina akiba ya kuliwa na kutu. Na Pemba, hata ujenge katikati ya kisiwa, bahari haiko mbali nawe.

Sasa nirudi kwenye gari yangu ya mwanzo. Nilikuwa nataka Escudo ya kizazi cha pili, ile ya kuanzia mwaka 1997, ya milango mitano, injini ya lita 2. Pemba wanaouza ni wachache, na mwenye nzuri haiuzi. Nikavuka kwenda Unguja. Huko nikaoneshwa moja rangi ya fedha, viti safi, tairi bado mpya. Bei ilikuwa shilingi milioni 11 baada ya mazungumzo. Nilikwenda na fundi wa huko, akaisikiliza injini, akatazama oili, akaizungusha mtaani, akanambia injini hii iko salama. Na kweli ilikuwa salama, mpaka siku naiuza haikuwahi kunizimikia. Chini kulikuwa kumepakwa lami nyeusi, mpya, inayong'aa. Muuzaji akasema, "Hii nimeikinga na kutu, shekhe, wewe mtu wa Pemba hii ndiyo yako." Tukaandikiana, nikalipa, nikaipandisha meli ya kubeba magari hadi Mkoani.

Miezi ya mwanzo ilikuwa furaha tupu. Mama, ambaye miguu yake ina maradhi, alikuwa akienda na kurudi hospitali ya Mkoani bila ya kubanana kwenye daladala. Watoto skuli, karafuu kutoka shambani, harusi za jamaa Micheweni, vyote vikawa vyepesi. Masika ya pili yalipoingia nikaanza kusikia mlio nyuma nikipita kwenye mashimo. Nikabadilisha bushi, nikabadilisha shokapu, mlio ukabaki. Kila fundi alikuwa na lake.

Siku iliyonitia khofu tulikuwa tunarudi kutoka Mkoani, mimi mbele na dada yangu, mama nyuma. Tulikuwa tunateremka kilima, mwendo wa kawaida, mvua imetoka kukatika. Nikasikia kishindo, na sehemu ya nyuma ya gari ikajivuta upande wa kulia, usukani ukawa haunisikilizi. Nilishika breki taratibu, gari ikaenda ikasimama kwenye majani pembeni mwa mfereji. Mama alikuwa anasoma dua kwa sauti. Nilipomgeukia mikono yangu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba dada ndiye aliyemfungulia mlango. Hakuumia mtu, alhamdulillah. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo sikulala vizuri, nikiwaza lingekuja lori upande wa pili.

Gari ilibebwa mpaka Limbani kwa fundi mmoja mtu mzima, ambaye tangu siku ile simpeleki mwengine gari yangu. Aliipandisha juu ya magogo, akajilaza chini, kisha akaniita: "Mwalimu, njoo ulale hapa uone mwenyewe." Nikalala na nguo zangu za kazi. Pale ule mkono wa chuma unaoishika ekseli ya nyuma unapofungwa kwenye chesisi, chuma kilikuwa kimechanika. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwenye mhimili sentimita chache mbele ya pale palipochanika, ikaingia mpaka kwenye mpini. Lami ilikuwa imeshika umbo la chesisi, na ndani yake chuma kinabanduka tabaka kwa tabaka mithili ya maganda ya kitunguu.

Akanielewesha jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue. Mhimili wa chesisi uko wazi ndani. Kiwandani wanaacha matundu ili maji yaliyoingia yatoke. Ukipita kwenye matope, na zaidi ukiipeleka gari ufukweni kubeba mchanga au samaki, tope lenye chumvi linaingia humo na kuziba matundu. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hivyo ndani ya mhimili hakukauki hata wakati wa kaskazi. Kutu inaanza ndani na kuja nje. Siku utakayoiona kwa macho, kazi imekwisha. Na lami ikipakwa juu ya chuma chenye kutu hufungia unyevu ndani, na zaidi ya hayo humfichia muuzaji aibu yake.

Nilimpigia muuzaji. Alinijibu kwamba niliiona gari nikaikubali, na karatasi tuliyoandikiana ilisema hivyo hivyo: gari imeuzwa ilivyo. Sikuwa na pa kumshika. Anayenunua sasa namshauri aandike kwenye makubaliano, mbele ya sheha au wakili, kwamba muuzaji anathibitisha chesisi haijachomewa wala haina kutu ya kutoboka. Muuzaji mkweli hasiti kutia saini. Atakayesita amekuokolea fedha yako.

Matengenezo yalinifika kama milioni 3, ukihesabu chuma cha unene unaofaa kilichonunuliwa Unguja, fundi wa kuchomea, bushi mpya, mabomba ya breki ambayo nayo yalikuwa yameshaoza, na nauli za kutuma vitu kwa boti. Gari ilikaa gereji mpaka mvua zikaisha. Nasema chuma cha unene unaofaa kwa sababu nimeona chesisi zilizozibwa kwa bati la paa, zikapakwa rangi, zikauzwa. Na ukienda kuchomea, hakikisha betri imefunguliwa waya kabla, vinginevyo umeme wa kuchomea unaweza kuunguza kompyuta ya injini na ukaingia gharama nyengine.

Tangu hapo vijana huniomba niwasindikize kutazama gari, na nimejiwekea utaratibu. Nakwenda asubuhi, na naomba mapema kabisa gari isiwashwe kabla sijafika. Nabeba tochi, nyundo ndogo, bisibisi, na mkeka wa kulalia. Injini ni ya mwisho. Kwanza nalala chini. Napiga nyundo polepole kwenye mihimili yote miwili kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, sauti yake ni kali na inajibu. Chuma kilichooza kinatoa mshindo uliokufa, na huko ndani unasikia magamba yakidondoka. Sehemu ya kukaa nayo sana ni pale mihimili inapopinda kwenda juu ili kuipisha ekseli ya nyuma, pale mikono ya nyuma inapofungwa, na pale bodi inapokalia chesisi. Nakagua matundu ya kutolea maji kama yako wazi. Nafuata mabomba ya breki kwa kidole. Kama kuna lami au rangi nyeusi mpya, namuomba mwenyewe aniruhusu nikwangue sehemu ndogo. Akikataa, namshukuru, naondoka.

Kisha naingia ndani. Nainua zulia mbele ya viti vya nyuma, nabonyeza sakafu kwa kidole gumba. Natazama vizingiti vya milango, ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma, na ule mlango wa nyuma unaobeba tairi ya akiba, maana uzito wa tairi unavuta bawaba na maji yanaingia. Nalinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye kadi. Namba iliyochomewa juu yake au kukwanguliwa ni sababu tosha ya kurudi nyumbani.

Ndipo naweka mkono juu ya boneti kuhakikisha injini ni ya baridi, nasema washa. Injini ya lita 2 ya Escudo hizi, J20A, inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Cheni inadumu sana ikiwa oili inabadilishwa kwa wakati. Ikiwa mwenyewe alikuwa akiongeza tu bila ya kumwaga ya zamani, utaisikia inapowashwa baridi: mlio wa vyuma kugongana mbele ya injini. Mlio wa sekunde moja mbili unaweza kuvumilika. Ukiendelea, toa bei ya cheni na vikaza vyake kwenye bei ya gari, na usidharau, kwa sababu kuifikia cheni kunataka kazi kubwa.

Nieleze kidogo kuhusu Carry, maana nayo imejaa kila mahali, wengine wakiiita kirikuu. Mimi na mdogo wangu tulinunua moja ya cc 660 kwa ajili ya kukodisha. Ni gari ya kheri, inakunywa mafuta kidogo, spea zake bei nafuu. Lakini sheria ya kei inaipimia mzigo wa kilo 350. Mifuko 7 ya saruji ya kilo 50, basi, imefika. Hapa utaiona imepakia mifuko 15 na watu wawili juu. Springi zinalala, bereringi za nyuma zinakufa, chesisi inapasuka nyuma ya kibini, kisha mtu anasema Suzuki mbovu. Tulipoweka sharti la mzigo tulipoteza baadhi ya wateja, lakini gari ilidumu, na tuliiuza ikiwa nzima.

Escudo ya pili niliamua kuiagiza Japani, ya kizazi cha tatu, kilichoanza mwaka 2005. Niliuza ile ya mwanzo kwa hasara, na nilimuonesha mnunuzi kila palipochomewa. Kwenye kuagiza nako kuna mitego yake. Wengi wanadhani gari ikitoka Japani haina kutu. Sehemu za kaskazini kama Hokkaido, Aomori na Niigata zina theluji nyingi, na barabara humwagwa chumvi ili theluji iyayuke. Gari iliyokulia huko inaweza kuwa imeoza chini kuliko iliyokaa Wete. Kwa hivyo omba karatasi ya mnada, yaani ile ya ukaguzi wa gari inapouzwa mnadani Japani. Ina mchoro wa gari na herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni alama ya pale paliponyooshwa, S ni kutu, na C ni chuma kilicholiwa. Tarakimu inayofuata herufi inaonesha ukubwa wa tatizo. Gari yenye daraja la R au RA imewahi kupata ajali ikatengenezwa. Omba pia picha za chini, na asiyekutumia picha za chini usimtumie fedha. Mimi nilimsumbua wakala mpaka akachoka nami, lakini picha zilikuja.

Tazama pia msimbo wa modeli. TD54W ina ile injini ya cc 1,995. TDA4W ina cc 2,393. Tofauti hiyo ina maana wakati wa kodi, kwa sababu ushuru unapanda injini ikivuka cc 2,000, na umri wa gari nao unahesabiwa. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni. Kitumie kabla hujalipa chochote, kisha ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili, bima, na kwa sisi Wapemba, meli ya kuileta huku. Mimi jumla ya kodi na gharama hizo ilikaribia bei ya gari yenyewe. Nilikuwa nimejitayarisha, na hata hivyo iliuma.

Naiona hii ya kizazi cha tatu ni gari bora kuliko zote nilizoendesha. Bodi na chesisi vimeunganishwa kitu kimoja, magurudumu ya nyuma yanajitegemea, mama hasikii tena mashimo mgongoni. Inavuta magurudumu yote manne wakati wote, na ina kifungio, kinacholazimisha magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke sawa, pamoja na gia ya nguvu. Hilo lina faida moja wasioijua wengi: kizazi cha pili ukikitia foo-wili juu ya lami kavu na kukata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanashindana na unaiumiza gia boksi. Ile weka foo-wili kwenye tope au mchanga tu, ukirudi lami itoe. Ya tatu haina tatizo hilo ilimradi hukufunga kifungio.

Ina mapungufu mawili. Mafuta inakunywa, kwangu ni kama kilomita 9 kwa lita, na kwenye vilima hushuka. Na kwa kuwa chesisi imo ndani ya bodi, kutu ikiingia huwezi kuinua bodi ukaishughulikia kama zile za zamani. Kwa hivyo kinga ndiyo dawa pekee. Siipeleki ufukweni. Ikishuka kwenye meli, kitu cha kwanza ni kuiosha chini kwa maji ya bomba, na masika naiosha chini kila tope linaposhika. Nazibua matundu kwa waya. Kabla ya mvua fundi anapulizia nta ya kukinga kutu ndani ya mihimili, kwenye chuma kilichokauka. Wengi wanapulizia oili chafu ya injini. Siipendi, inaharibu mipira ya bushi na inadondoka ardhini mpaka kwenye visima. Oili ya injini namwaga kila kilomita 5,000, na naiandika tarehe kwenye daftari.

Spea hapa Pemba ni chache. Vya kila siku, kama chujio, pedi za breki na plagi, vinapatikana Chake na Wete. Vyengine naagiza Unguja au Kariakoo, na sikubali kutumiwa kitu bila ya kutuma kwanza namba ya chesisi na picha ya cha zamani, maana vizazi vinafanana na vifaa vyao havifanani. Naweka nyumbani akiba ya bomba la maji la rejeta, mkanda na koili moja, kwa sababu boti ikisimama kwa upepo wa kusi, gari nayo imesimama.

Osamu Suzuki alikuwa mfanyakazi wa benki aliyeoa katika ukoo huo akachukua na jina lake, kisha akaiongoza kampuni kwa zaidi ya miaka 40. Alifariki tarehe 25 Disemba 2024 akiwa na miaka 94. Nilimsimulia fundi wangu wa Limbani habari zake, jinsi alivyojulikana kwa kubana matumizi kiwandani. Akanambia hilo yeye analiona kila akifungua gari yao: hakuna chuma cha ziada, na hakuna boliti isiyofikika. Kwa hapa kwetu naliona hilo la pili ni kubwa. Kazi nyingi za Escudo zinafanyika chini ya mwembe na seti ya spana za kawaida.

Asubuhi hizi nimeanza kuisikia cheni yangu ikigonga kidogo inapowashwa baridi. Nimeshaagiza cheni, vikaza na gasketi zake kwa pamoja, na kazi itafanywa kabla karafuu hazijaanza kuchumwa. Aliye na Escudo ya umri huo na anataka kuona cheni inavyobadilishwa, aje gereji siku hiyo, fundi ameshakubali watu watazame.